Maneno ya Spesioza Niliyoyakata

Mwanangu Nyamizi,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona ukilikalia begi ili zipu ifunge. Sasa umekwenda Kipalapala na mama yako kumuaga bibi, nami nimeketi kwenye meza yako, mbele ya karatasi zako. Mkirudi nitakuwa nimemaliza. Barua nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ule wenye vyeti. Usiisome hapa nyumbani. Isome kesho ndani ya basi, mkishapita Nzega, ambapo huwezi kugeuka kunibishia wala mimi siwezi kunyanyuka na kutoka nje kama kawaida yangu.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya kutompa mtu namba yako ya siri, mama yako ameshayasema na atayarudia stendi. Mimi nina jambo moja. Nimelinyamazia miaka kumi na miwili, na kama si Jumanne iliyopita huenda ningelinyamazia hadi mwisho.

Jumanne nilikuwa uani natengeneza baiskeli, na dirisha lako lilikuwa wazi. Ulikuwa ukizungumza na yule bosi wako wa Dodoma kuhusu kazi ya kwanza waliyokupa kabla hata hujaripoti, ile ya kuandika mahitaji ya mfumo wa kuagizia dawa za zahanati. Nikakusikia ukisema, "Nimeshamaliza, bosi. Kwenda huko zahanati hakuna haja, kila kitu kipo kwenye mwongozo. Jumatatu ya kuripoti nakukabidhi." Kisha ukacheka.

Mikono yangu ikabaki palepale kwenye mnyororo. Wakati wa chakula mama yako aliniuliza mbona sili, nikasema jino. Nilidanganya. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile, hata kicheko kilikuwa kilekile.

Wewe unajua kwamba baba yako alikuwa karani wa masjala ya wagonjwa mpaka alipostaafu. Hujui kwamba kwa muda usiofika mwaka nilifanya kazi kama hii unayokwenda kuifanya. Ulikuwa darasa la tano. Hospitali yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu waliopo leo hawahusiki, ilikuwa inaacha kadi za karatasi na kuingia kwenye kompyuta. Wakataka mtu anayezijua karatasi na asiyeogopa mashine. Wakanichagua mimi. Nikapelekwa Mwanza kwenye mafunzo ya wiki sita, nikarudi na cheti, begi la kompyuta, na tai mbili. Kazi yangu ilikuwa kupita kila idara, kuwauliza watu wanafanyaje kazi, kisha kuandika ili mafundi wa Dar es Salaam watengeneze mfumo.

Nilimaliza kwa siku tisa. Katibu wa hospitali alikuwa na haraka kwa sababu wageni wa uzinduzi walikuwa wameshaalikwa, na mimi nilikuwa na haraka ya kumfurahisha Katibu. Nikachukua mwongozo wa taratibu za hospitali kabatini, nikachora visanduku na mishale. Ilibaki kuonekana kwamba nimewauliza watu. Nikaitisha kikao ukumbini, kila idara ilete mtu mmoja, na Katibu akaketi mbele kabisa.

Wodi ya wazazi ilimleta Spesioza. Alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mwembamba, mtu wa Ulyankulu, wa zile familia ambazo wazee wao walitoka Burundi. Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, na alinizidi umri kwa miaka mingi. Nilipaswa kumpa shikamoo. Nikamwambia, "Habari, sista." Nakutajia hilo makusudi, maana kosa langu lilianzia hapo.

Nikauliza, "Huwa mnampokeaje mgonjwa?" Kila mtu akajibu kama mwongozo unavyosema. Nani angejibu vingine mbele ya Katibu? Spesioza akanyoosha mkono.

"Wagonjwa wetu wa dharura hawapiti mapokezi," akasema. "Wanaingia mlango wa nyuma, ule wa kwenye kufulia. Wanaletwa kwa pikipiki kutoka Sikonge, kutoka Urambo. Kadi tunawakatia baadaye. Siku nyingine mpaka kesho yake."

"Utaratibu unasemaje?" nikamuuliza.

"Utaratibu unasema mapokezi. Mimi nakwambia tunavyofanya."

Katibu akacheka. "Sista, mfumo huu ndio unakuja kuyaondoa hayo mazoea." Ukumbi ukacheka. Mimi pia nikacheka. Maneno yake nilikuwa nimeshayaandika kwenye daftari, mistari mitatu. Palepale, yeye akiniangalia, nikayapiga mstari. Aliona. Akashusha mkono wake taratibu.

Kwenye ripoti nikaandika: "Hakuna huduma itakayotolewa kwa mgonjwa asiye na namba ya usajili." Niliipenda sana sentensi hiyo. Ilikuwa fupi, inaeleweka, inapimika. Mwalimu wa Mwanza angeipa alama zote.

Mfumo ukazinduliwa kwa ngoma na hotuba. Haukupita muda mrefu, masika yakiwa yamekolea, siku moja mchana nilikuwa maabara nikimwelekeza kijana wa benki ya damu namna ya kuchapa ripoti. Spesioza akaingia mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia. Mkononi ana kichupa cha sampuli na kipande cha karatasi.

"Chupa mbili za damu, haraka. Mama wa Sikonge, mimba ya miezi minane, anavuja damu."

"Namba yake?" akauliza yule wa maabara.

"Hana. Ameingia mlango wa nyuma sasa hivi."

Kijana akajaribu. Skrini ikaandika kwa maandishi mekundu kwamba mgonjwa hayupo. Ilikuwa amri kwamba damu haitoki kwenye jokofu bila lebo, na lebo haitoki bila namba. Akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye mfumo. Nifanyeje?"

Nyamizi, hapo ndipo ningeweza kusema, "Toa." Neno moja tu. Nikasema, "Ngoja, tumsajili."

Nikatoka na mume wa yule mama kwenda mapokezi. Jina lake Maganga, mrina asali, ameloa mvua, matope hadi magotini, ameishika khanga ya mkewe mkononi kama mtu aliyetumwa kuipeleka mahali. Tukaipita foleni, watu wakagomba. Karani akauliza jina la mgonjwa. Kalunde. Tarehe ya kuzaliwa? Maganga hajui. Mfumo ukagoma. Hilo pia nililiandika mimi, kwamba hakuna nafasi itakayoachwa wazi. "Weka yoyote!" nikamwambia karani. Akaweka. Mtandao ukakatika.

Kwenye skrini kikabaki kile kiduara kinachozunguka. Tukasimama tunakiangalia, watu watatu wazima. Kikazunguka, kikazunguka. Maganga akainama sikioni kwangu, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mkubwa, hiki kinachozunguka kinatafuta nini?"

Nikamwacha pale na karani, nikakimbia.

Niliporudi maabara, Spesioza alikuwa ameshaondoka na damu. Alikuwa amechoka kungoja, akaandika kwa kalamu kwenye karatasi yake, akaweka sahihi, akamwambia yule kijana, "Wakikuuliza, sema ni mimi." Lakini tangu alipoingia mara ya kwanza, zaidi ya nusu saa ilikuwa imepita.

Kalunde aliishi. Mtoto, wa kike, alitolewa akiwa hapumui. Daktari alisema huenda alikuwa ameshafariki kabla hawajafika, kwa jinsi barabara ya Sikonge ilivyokuwa na jinsi damu ilivyomtoka mama yake. Huenda. Neno hilo nimekaa nalo miaka yote hii. Siku nyingine linanipa nafuu. Siku nyingi halinipi.

Ungedhani hapo nilijifunza. Bado. Siku ya pili Katibu akaniita ofisini. "Andika taarifa. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyoelekezwa. Muuguzi alitoa damu kinyume cha utaratibu." Nikatafuta uongo katika sentensi hizo mbili ili nipate sababu ya kukataa, sikuuona. Kila neno lilikuwa sahihi. Nikaandika, nikasaini, na Spesioza akasimamishwa kazi akisubiri kamati.

Wiki tatu, mwanangu. Kila asubuhi nafunga tai, napita kwenye wodi ya wazazi, wauguzi wenzake wananyamaza nikipita. Nilikuwa najiambia kwamba mimi si kamati, kwamba nina familia, kwamba hata nikisema hakuna kitakachobadilika. Jumapili moja mama yako alikuwa akitafuta karatasi ya kufungia chumvi, akalifungua lile daftari. "Haya uliyoyakata ni maneno ya nani?" akaniuliza. Nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza, "Na huyo Spesioza, nani anamsikiliza?" Akaondoka na chumvi yake bila kuifunga.

Siku ya kamati nililibeba lile daftari. Nikaliweka mezani, wazi, kwenye ukurasa ule. Nikawaambia, "Aliniambia ukumbini, mbele ya Katibu na idara zote. Nikayaandika, kisha nikayakata. Kosa la siku ile lilianzia kwenye kalamu yangu." Katibu akanikazia macho. "Unajua unachokifanya?" Nikasema, "Safari hii najua."

Spesioza akarudi kazini. Mimi nikarudishwa masjala, kwenye vumbi na mafaili. Ndiyo maana uliniona nimeacha tai, nawe ukaniuliza kama zimechanika, nikakujibu kwamba zinanibana.

Mafundi walihitaji mtu wa kuwaandikia marekebisho, na hakuna aliyejitolea. Nikaomba nifanye mimi, baada ya saa zangu za masjala. Nikawa naketi kwenye benchi la mlango wa nyuma, pembeni ya mabeseni ya kufulia, na daftari jipya. Wiki ya kwanza nilimpa Spesioza shikamoo kila siku, naye akaitikia marahaba bila kuinua uso. Wiki ya pili nikajaribu kuuliza swali lilelile la ukumbini: huwa mnafanyaje?

Akasimama. "Usiniulize huwa tunafanyaje," akasema. "Hapo nitakujibu ili uondoke. Niulize jana nilifanyaje."

Nikamuuliza jana alifanyaje. Alizungumza mpaka zamu yake ikaisha.

Cheti chako cha uchambuzi wa biashara ni kikubwa kuliko changu, na zile njia za kuchora mlizofundishwa chuoni mimi sizijui hata majina. Lakini swali lile sijaliona kwenye vitabu vyako, nami nimevifungua kimojakimoja. Ukimuuliza mtu huwa anafanyaje, atakupa mwongozo. Ukimuuliza juu ya jana, atakumbuka mvua, atakumbuka mtu aliyekosekana, atakumbuka alichokopa chumba cha pili. Mfumo wako utaishi humo.

Pale benchini niligundua pia kwamba kila muuguzi ana daftari lake dogo la siri mfukoni. Fomu zetu hazikuwa na nafasi ya mambo wanayoyahitaji, basi wanayaandika pembeni. Nilikaa nao hospitali moja miaka kumi na tano bila kuyajua madaftari hayo. Siku hizi nikiingia ofisi yoyote macho yangu yanakwenda kwenye vikaratasi vilivyobandikwa ukutani kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo watu wameandika kile ambacho wakubwa walisahau.

Na kila nilichoandika nilimsomea aliyeniambia. Kwa Kiswahili, na kwa Kinyamwezi kwa wale akina mama wa usafi waliokuwa wakisukuma machela, maana wao ndio waliokuwa wanajua mgonjwa ameingia saa ngapi. Spesioza alinirudisha mara nne kwenye sentensi moja. Mara ya tano akaniambia niandike hivi: "Mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza, namba itafuata." Nikamwambia haijakaa kitaalamu. Akasema, "Yule kijana wa maabara ataielewa?" Nikasema ataielewa. "Basi imekaa."

Sasa nirudi kwako. Karatasi zako hizi nimezisoma. Nisamehe, sikuomba ruhusa. Umeandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika, na nilijisikia fahari mpaka nikafika ukurasa wa nne: "Zahanati itatuma oda ya dawa kupitia mtandao kila mwisho wa mwezi." Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Umenyooka. Nimejiuliza ni nani aliyekwambia. Umemwona mtu wa zahanati ya huko mbugani Igunga, barabara ikiwa imekatika, mtandao unapatikana juu ya kichuguu, dawa ya malaria imeisha tarehe kumi na mbili? Anafanya nini tarehe kumi na tatu? Lazima anafanya kitu. Mimi sikijui, nawe hukijui, na mwongozo haukijui.

Sijaweka alama yoyote kwenye karatasi zako. Kazi ni yako.

Ila basi lako litasimama Igunga kabla ya saa sita. Shangazi yako yupo, chumba kipo, na sijampigia simu, kwa sababu sitaki ushuke kwa aibu ya kusubiriwa. Kesho ni Alhamisi. Ijumaa zahanati ziko wazi. Kwa Jumatatu utakuwa umechelewa kidogo, na utalazimika kumpigia bosi wako na kumwambia, "Nilikuambia nimemaliza, nilikosea." Najua maneno hayo ni magumu kuyatamka. Wewe ni mgeni kazini, ni msichana, umetoka Tabora, unadhani watasema walikosea kukuajiri. Huenda wakasema. Siwezi kukuahidi kwamba hawatasema. Ninachoweza kukuambia ni kwamba maneno hayo yalikuwa mepesi kwangu pale ukumbini, mkono wa Spesioza ukiwa bado juu, na yalizidi kuwa mazito kila siku niliyoyaahirisha.

Kuna jambo la mwisho, na hili hata mama yako halijui lote.

Mwaka mmoja baada ya kamati nilikwenda Sikonge. Mama yako nilimwambia nafuata asali. Nilishuka kwenye basi, nikaazima baiskeli, nikaulizia kwa Maganga mrina asali hadi nikafika kijijini kwao, ndani kabisa ya pori. Maganga alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza mizinga. Kalunde alikuwa mbele ya bani la tumbaku, banda la kukaushia majani, ameketi chini. Hakunijua. Nikamwambia mimi ni nani, na nikamweleza habari ya namba, na ya mlango wa nyuma, na ya muuguzi aliyenionya, na kwamba niliyakata maneno yake.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Akaniuliza, "Kwa hiyo si tumbaku?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Siku ile maumivu yalimwanza asubuhi, lakini alikuwa na majani ya tumbaku ya kufunga, akasema ayamalize kwanza ndipo waondoke. Mama mkwe wake alimwambia msibani kwamba tumbaku ndiyo iliyomuua mtoto. Tangu siku hiyo hajashika jani. Alikuwa anakaa tu pale, mbele ya bani, wenzake wakifanya kazi.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Daktari mwenyewe hajui. Lakini zaidi ya nusu saa ilipotelea hospitali, na hiyo ilikuwa yangu. Si yako."

Kisha akageuza kichwa, akaita kwa sauti kubwa ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtu mdogo vile, "Maganga! Mwite mama yako, mje hapa wote. Njooni mmsikie huyu baba."

Wakaja. Mama mkwe akaletewa kigoda. Kalunde akaniambia, "Rudia. Tangu mwanzo."

Nikavua kofia, nikasimama mbele yao, nikarudia yote.

Safari njema, mama.

Baba yako